"Msimsifu, mlalamikieni": Batul Harrak na Wamarekani wa Tanja

Saa mbili kasorobo asubuhi, upepo wa sharki, ule wa kutoka mashariki, unavuma tangu jana, na Batul Harrak anapanga mawe. Ni mawe ya ufukweni, laini na mazito, kila moja juu ya rundo lake la karatasi. Hili la mikataba ya kupanga nyumba, hili la picha ndogo, hili la barua za polisi zilizotoka Marekani, za kuthibitisha mtu hana kosa. Meza yake iko kwenye kibaraza cha duka la fotokopi, mkabala na ofisi ya wageni ya Tanja, kaskazini mwa Morocco. Dirisha la ofisi bado limefungwa, lakini foleni imeshaanza kujipanga.

Mbele yake amesimama Mmarekani mrefu aliyevaa kaptura. Batul anamtazama magoti kwanza, kisha uso.

"Baba, suruali iko wapi?"

Mmarekani anacheka, akidhani anataniwa. Batul hacheki. Anainama, anatoa mfuko chini ya meza, na ndani ya mfuko suruali nyeusi yenye mpira kiunoni. Anamwelekeza nyuma ya mashine ya fotokopi akaivae. Suruali hiyo imeingia ofisini humo mara nyingi kuliko wakili yeyote wa mji huu, na kila jioni Batul huifua mwenyewe.

"Mle ndani kuna mtu ameamka, akanyoa ndevu, akapiga shati lake pasi," anasema. "Ukimwendea na magoti wazi, faili lako atalipokea, halafu litalala chini ya mafaili mengine. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini magoti anayaona."

Batul ana miaka hamsini na tisa. Ni mfupi, ana sauti ya kuitia watu upande wa pili wa barabara, na hana kibao chochote kinachosema kazi yake ni nini. Ukiulizia msaada wa viza utaelekezwa kwenye ofisi zenye viyoyozi. Ukimuulizia Bi Batul wa mawe, hata dereva wa teksi asiyekuwa na subira atakushusha hapa na kumpungia mkono.

Kazi yenyewe ni kuwasaidia wageni, wengi wao Wamarekani, kupata kibali cha ukaazi. Mmarekani huingia nchini bila viza na kupewa miezi mitatu. Akipenda kubaki, hapo ndipo karatasi zinapoanza, na hapo ndipo wengi wao hugundua kwamba hawajawahi maishani mwao kuombwa wathibitishe kuwa wapo.

Amewagawa makundi manne kwa uzoefu wake. Kuna wa pensheni, ambao ni rahisi kwa sababu fedha zao zinajieleza zenyewe kila mwezi. Kuna wa kompyuta, wanaoifanyia kazi kampuni ya mbali wakiwa kitandani, na ambao humchukua asubuhi nzima kumweleza afisa kuwa hiyo nayo ni kazi. Kuna wa mapenzi, waliooa au kuolewa hapa, na hao huja na mama mkwe. Halafu kuna wa nyumba.

"Wa nyumba ndio wenye kichwa kigumu," anasema huku akimrekebishia mtu kola kabla ya picha. "Amenunua nyumba mjini kwa bei ya kumtia wazimu jirani, anadhani kibali kimo ndani ya bei. Namwambia, baba, umenunua kuta. Kukaa ni jambo jingine."

Siku njema humwachia dirhamu mia mbili. Siku mbaya humwachia za chai, na chai yenyewe huinywa na mwenye duka la fotokopi, ambaye hamtozi kodi ya kibaraza kwa sababu anajua nusu ya wateja wake wanamfuata Batul.

Hakusomea kazi hii. Kwa miaka mingi alitandika vitanda katika hoteli ndogo karibu na bandari, na Kiingereza alikiokota humo chumba kwa chumba, kutoka kwa wageni waliopenda kuongea wakati yeye anabadili mashuka. Hoteli ilipofungwa, mume wake akiwa ameshafariki, alipata kazi ya kupika chai kwenye duka hili la fotokopi. Siku moja mzee mmoja wa Kimarekani alitoka pale dirishani analia, kashika karatasi asiyoielewa. Batul akaweka birika chini na kumsomea. Birika hakulirudia tena.

Lakini ukitaka kumjua Batul, waulize watu wa kichochoro kimoja nyuma ya mtaa wa Marshan habari za Lorraine Pickett.

Lorraine ana miaka sabini na mmoja. Aliendesha basi la shule huko Toledo, jimbo la Ohio, hadi magoti yakakataa. Alipostaafu alijikuta pensheni yake inaishia mlangoni kwa mwenye nyumba. Akauza gari na vyombo, akabaki na mabegi mawili na sufuria moja ya chuma cheusi aliyoachiwa na bibi yake, akaja Tanja, ambako alikuwa amesikia kuwa mtu wa kipato chake anaweza kupumua. Alipanga chumba na jiko katika kichochoro hicho. Kule alikotoka hakuna kilichobaki cha kurudia, na hilo Batul alilijua tangu siku ya kwanza.

Mwanzoni aliishi kama wengi wanavyoishi. Miezi mitatu ikikaribia kwisha, huvuka mpaka hadi Sebta, mji jirani ulio chini ya Uhispania, hunywa kahawa, hurudi na muhuri mpya. Batul huwaambia wanaoishi hivyo kuwa wanalala mlangoni kwa watu wakidhani wamelala chumbani. Lorraine alilala mlangoni zaidi ya mwaka. Safari ya mwisho, afisa wa mpakani alimgongea muhuri, akamrudishia pasipoti taratibu na kumwambia kwa heshima, "Mama, safari ijayo sitagonga."

Ndipo akaja mezani kwa Batul, miezi mitatu ya muhuri wake wa mwisho ikiwa imeanza kuisha.

Faili lake lilikuwa zuri. Pensheni ilijieleza, barua ya polisi ilifika, mkataba wa nyumba ukagongwa muhuri, daktari akamwona mzima. Lilibaki jambo moja tu ambalo Batul hulihesabu dogo: mjumbe wa mtaa aende kichochoroni, aulize majirani kama kweli huyu mama anakaa pale, kisha arudishe neno ofisini.

Neno likarudi: hajulikani.

Batul aliitwa dirishani akaambiwa hivyo na afisa wa kike ambaye kwa kawaida humkonyeza. Siku ile hakumkonyeza. Alimwambia wamepewa uchunguzi wa pili na wa mwisho, na ikiwa nao utarudi hivyo, mama huyo afunge mabegi yake.

"Nilijilaumu," anasimulia Batul. "Nilipanga karatasi zote zile, kichochoro nikakisahau. Nilidhani mjumbe alikosea mtaa. Nikapanda kwenda kuuliza."

Mjumbe hakuwa amekosea mtaa. Bwana Abdeslam Zerwali ni mtu makini, aliyehamishiwa sehemu hiyo hivi karibuni, na alikuwa amegonga kila mlango. Mlango wa kwanza ni wa Bi Rhimo, bibi wa miaka themanini anayekaa mkabala na Lorraine. Mjumbe alimuuliza kama anamjua Mmarekani anayeishi pale mbele. Bi Rhimo akamtazama machoni, akaapa kwa Mungu kuwa hapajawahi kuwa na Mmarekani, na kwamba mlango ule umefungwa tangu mwenyewe ahamie Ubelgiji.

Wakati anaapa, Lorraine alikuwa nyuma ya pazia la jiko la Bi Rhimo, anamenya maharage ya supu ya bisara. Bi Rhimo alikuwa amemwekea kidole mdomoni. Lorraine akadhani ni mchezo wa kumshtua mgeni, akaendelea kumenya kimya kimya.

Mlango wa pili ni tanuri la mtaa, ambako kila nyumba hupeleka mikate yake kuokwa. Allal, mwenye tanuri, aliulizwa swali lile lile. Akajibu kwa swali: Mmarekani, hapa, wa kufuata nini? Milango mingine yote ikafuata hivyo hivyo, na mjumbe akaandika alichokisikia.

Mtu asiyekulia kwenye vichochoro hivi ataona huo ni uhasama. Ulikuwa upendo mtupu. Mtu wa serikali akija kumuulizia jirani yako, jirani yako hayupo, hajawahi kuwepo, na jina lake hulijui. Bi Rhimo alikuwa na sababu yake zaidi ya wengine. Kaka yake alichukuliwa namna hiyo zamani, kwa sababu ya jirani aliyejibu swali vizuri mno. Na wote walikuwa wamemsikia Lorraine akisema kwa Kiarabu chake cha kuokota kuwa siku zake zinaisha. Walipomwona mjumbe na kalamu yake, wakajua amekuja kumchukua.

Batul alipofika aliwakuta wamejaa furaha. Bi Rhimo alimkaribisha kwa kicheko.

"Tumemwokoa, binti yangu," akamwambia. "Alikuja na kalamu yake, akaondoka nayo kavu."

Batul anasema alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, akachagua kugomba. Aliwaita wote mlangoni pa tanuri, akawaambia kwamba yule mtu hakuja kumtoa Lorraine, alikuja kumweka. Aliwaambia wamemficha hadi serikali imekubali kuwa hayupo, na asiyekuwepo hafukuzwi ila hapewi kibali, na asiye na kibali atafukuzwa. "Mficha uchi hazai," ndivyo alivyomalizia, na Bi Rhimo akamwambia achunge ulimi mbele ya wanaume.

Allal ndiye aliyeuliza kwa unyonge wafanye nini. Akapendekeza mjumbe akirudi wamsifu Lorraine, kwamba ni mtu wa adabu, mkarimu, hana makuu.

"Msimsifu," Batul akamkata. "Mkimsifu atajua mmefundishwa. Mlalamikieni. Mgeni wa hoteli nani anamlalamikia? Binadamu humlalamikia anayeishi naye."

Kulikuwa na shida moja ambayo Batul hakuweza kuitatua. Ili mjumbe awaamini leo, mtu alipaswa kukiri kuwa alimdanganya jana, na aliyeapa kwa Mungu ni Bi Rhimo. Bibi huyo alisikiliza yote, akaingia ndani, akafunga mlango. Batul alirudi nyumbani kwake bila kujua kama mlango ule utafunguliwa mjumbe akija.

Bwana Abdeslam alirudi Jumatano alasiri, uso umekunjamana, kama mwenye duka anayerudishiwa mzigo aliokwisha kuuza. Batul alikuwa ameketi kizingitini pa tanuri, ameshaamua kutosema neno, jambo ambalo kwake ni sawa na kufunga bila daku. Lorraine aliambiwa abaki chumbani kwake hadi aitwe.

Mjumbe akagonga kwa Bi Rhimo. Kimya. Akagonga tena. Mlango ukafunguliwa, na bibi akatoka amevaa nguo zake za Ijumaa.

"Nilikudanganya, mwanangu," akasema. "Nilidhani umekuja kumchukua. Kwa kiapo changu nitafunga siku tatu, na wewe unisamehe kabla sijafunga."

Mjumbe akamuuliza, kwa upole lakini bila kucheka, atajuaje kuwa uongo ni ule na si huu.

"Kwa sababu ule nilikuwa namtetea," akasema Bi Rhimo. "Leo namshtaki. Huyu mama amenichosha. Nguo zake anazianika upande wangu, zinanidondokea mlangoni. Paka wote wa Marshan anawalisha yeye, halafu wanakuja kulala kwangu. Na akifua anaimba."

Allal akasogea, unga mikononi. Yeye alilalamikia mkate. Kila nyumba huweka alama yake juu ya unga ili tanurini usichanganyike na wa wengine, lakini Lorraine huleta mkate usio na alama, halafu wa pembe nne, unaokula nafasi ya mikate miwili ya watu wenye akili. Amemweleza mara ngapi. Anasema ndiyo, ndiyo, kesho analeta wa pembe nne.

Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Kumbe kila nyumba ilikuwa na lake, na Batul anaapa si yote yalikuwa ya kutunga. Mama mmoja alidai Lorraine anawapa watoto peremende kabla ya chakula. Mwingine alisema amealikwa kwake chai mara tatu na chai yenyewe haina sukari, ni maji ya moto yenye majani.

Mjumbe hakuwa ameandika kitu bado. Alichungulia jikoni kwa Bi Rhimo, akaona juu ya meko sufuria ya chuma cheusi, nzito, isiyofanana na chombo chochote cha soko la Tanja. Akauliza ni ya nani.

Bi Rhimo akatazama chini. Ikabidi aseme ni ya Mmarekani, aliiazima Ramadhani kupikia harira, supu ya kufuturia.

"Ramadhani hii?"

"Iliyopita."

Hapo ndipo mlango wa mbele ukafunguka bila kuitwa. Lorraine, aliyechoka kusubiri, alitoka amevaa aproni, akapita katikati ya watu wote bila kumsalimia hata mjumbe. Alikuwa ameona kupitia mlango wa Bi Rhimo kitu alichokidai miezi mingi.

"Bi Rhimo," akasema kwa Kiarabu cha kichochoro hicho, chenye lafudhi ya Bi Rhimo mwenyewe, "sufuria yangu, lini?"

Mjumbe akafungua kalamu. Alipomaliza kuandika alimwambia bibi amrudishie mwenyewe chombo chake, akaondoka na mkate wa Allal chini ya kwapa.

Lorraine alipata kibali chake. Siku alipokichukua alipita mezani kwa Batul, akakiweka juu ya meza, na Batul akaweka jiwe juu yake ili upepo usikichukue. Wakakaa wakikitazama. Batul, mwanamke ambaye ameona mamia ya vibali, anakiri kuwa kile kilimliza.

Hatukutaka kumuuliza habari zake mwenyewe, akazisema tu. Ana binti mmoja, Ikhlas, aliyeshinda bahati nasibu ya viza na kuhamia Minneapolis, Marekani, na mumewe. Huko kuna mjukuu wa miaka sita anayemjua bibi yake kwa kioo cha simu, kuanzia kifuani kwenda juu. Siku moja alimuuliza kama ana miguu.

Mara mbili Batul ameomba viza ya kwenda kumwonyesha hiyo miguu. Mara zote mbili amesimama upande wa pili wa kioo cha ofisi ya viza ya Marekani, yeye aliyezoea kuwasimamisha wengine, na mara zote ameulizwa swali moja: nini kitakurudisha? Mara ya kwanza alipeleka hati ya nyumba. Mara ya pili alipeleka karatasi za benki. Zote mbili akanyimwa.

"Sina kinyongo na yule kijana wa kioo, naye ana kazi yake," anasema. "Lakini iliniuma. Niliwatafutia watu wao suruali, mimi wakaniona nitawaibia nchi."

Anajua ubaya wa jambo hilo na halipambi. Mmarekani anaingia Tanja kwa kuonyesha pasipoti na kaptura, Mtanja anaambiwa athibitishe moyo wake umefungwa wapi. Halafu kesho yake asubuhi anarudi kwenye kibaraza na kuwapangia hao hao mafaili, bila kupandisha bei wala sauti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu huwapa jembe, na kwanza huwafundisha wapi pa kulishika.

Mwezi wa tisa ataomba mara ya tatu. Safari hii hati ya nyumba ataiacha nyumbani. Lorraine amejitolea kusafiri naye hadi Casablanca, iliko ofisi hiyo ya viza, na kukaa nje ya jengo, na kama ataruhusiwa kusema neno, ameshaliandaa. Halitakuwa la sifa.

"Nitawaambia mimi ni raia wao na nina malalamiko," anasema Lorraine, aliyekuja kuleta mkate wa pembe nne kwa chai ya asubuhi. "Huyu mama hawezi kuhamia kwenu. Ana sufuria yangu."

Na kweli anayo. Batul aliiazima mwezi uliopita, iko jikoni kwake, safi na imepakwa mafuta. Dirisha la ofisi linafunguliwa, foleni inasogea, na Mmarekani mrefu anatoka nyuma ya mashine ya fotokopi, suruali nyeusi imemwishia juu ya vifundo vya miguu. Batul anainua jiwe, anampa karatasi zake, anamsukuma mgongoni kidogo.

"Hairudi hiyo sufuria," anasema, "mpaka nirudi mimi."